Ndege ya Vita Iliyosuguliwa kwa Jivu

Sauti ya sufuria inayosuguliwa kwa jivu na mchanga siipendi. Wajukuu wangu wanalijua hilo. Wakitaka kusafisha vyombo wanakwenda nyuma kabisa, kule kwenye banda la nguruwe, ili nisisikie ile kwaru kwaru, na wakirudi wananikuta nimeshanuna vilevile, maana sikio langu likitaka kusikia jambo la kuniudhi hulisikia hata kama liko kijiji cha mbali cha Kaengesa. Wao wanadhani ni uzee. Si uzee. Ni hasira, na hasira yenyewe ina umri mkubwa kuliko mama zao. Nyinyi mnaosoma nawaambia kwa sababu hamnijui na hamtakuja kunisuta. Shule niliishia darasa la sita, kwa hiyo mkiona nimetoka njiani mnisubiri kidogo, nitarudi.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Kabla ya hapo sisi watu wa Sumbawanga tulikuwa mabingwa wa kukosa. Sabuni ilikuwa ya foleni, sukari ya kupimiwa kwa kijiko, na shati lilikuwa likivaliwa mpaka likawa kola na vifungo tu. Halafu wakubwa wakasema watu wafanye biashara, na malori yakaanza kupanda kutoka Tunduma yamejaa marobota ya mitumba. Watu wakavaa. Mnajua baridi ya Ufipa mwezi wa sita, upepo unaokuja juu ya uwanda hauna mti wa kuuzuia, unakupiga mpaka kwenye meno. Koti langu la kwanza lilitoka robotani, kubwa, la mtoto wa kizungu aliyenenepa, na mfukoni mlikuwa na ganda la peremende. Nililinusa lile ganda mwaka mzima. Hilo la makoti silalamikii, ingawa nalalamikia mengi.

Mwenye malori hayo alikuwa Mzee Salumu, mfanyabiashara wa pale mjini, mtu wa swala tano na mizani isiyodanganya. Siku moja akafungua robota akakuta katikati ya nguo sanduku la karatasi ngumu, jipya, lenye picha ya ndege ya vita. Ndani vipande vya plastiki vya rangi ya kijivu vimeshikana kwenye vijiti kama machipukizi, na karatasi ya maelezo yenye maandishi ambayo hata padre aliyasoma akashindwa. Ilikuwa ndege ya kuunga. Ukiimaliza inakuwa ndefu kuliko mkono wangu wa wakati ule, tangu begani hadi ncha ya vidole. Mzee Salumu akaiweka dirishani, na hakuna aliyeitaka. Nani anunue ndege iliyovunjika kabla haijaruka.

Sasa nije kwa baba.

Baba yangu aliitwa Desideri. Alikuwa mkulima wa maharage na ulezi, mtu mrefu, mwenye sikio moja lisilosikia vizuri, na alikuwa amekwenda vita vya Kagera. Mimi aliniambia huko alikuwa fundi wa ndege za vita. Mji mzima ulisema alikuwa mpishi. Nani alianza kusema, sijui. Mtu alirudi na habari hiyo, ikakaa, ikaota mizizi. Mbele ya duka la Mzee Salumu kulikuwa na kijiwe cha wacheza drafti, na bingwa wao alikuwa fundi baiskeli mmoja mwenye mdomo mpana. Jina lake silitaji, wanawe wapo na ni watu wema. Baba akipita na mimi nyuma yake, huyo fundi anainua kichwa kwenye drafti.

"Afande, jeshi leo linakula nini?"

Mwingine anadakia, "Maharage, ila yana mawe."

"Yale mawe ndiyo mabomu yenyewe."

Wanacheka. Baba anawasalimu kwa heshima kama hakusikia, na tunapita. Nyumbani kwetu baba hakukaribia jiko hata kidogo. Hata mahindi ya kuchoma alisubiri achomewe. Mama alisema ndivyo wanaume wa ukoo wao walivyo, watu wa uhunzi, mikono yao ni ya chuma.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Katika umri huo mtoto wa kike anataka kila kitu cha kwao kiwe sawasawa na cha wenzake au kizidi kidogo. Siku moja tumetoka sokoni, wametucheka kuliko kawaida, na mmoja wa waliocheka alikuwa baba wa rafiki yangu. Tulipofika pale njia inapopita katikati ya matuta ya watu, nikamuuliza.

"Baba, kwani ni kweli ulikuwa mpishi?"

Alitembea hatua nyingi hajanijibu. Nilidhani ni lile sikio.

"Nilikuwa fundi," akasema. "Wa ndege. Utaona."

Jumamosi iliyofuata alibeba gunia la maharage kichwani mpaka kwa Mzee Salumu, akarudi na lile sanduku. Mama akauliza ndiyo nini. Baba akasema ni kazi. Mama akasema, "Gunia zima, Baba Skola, kwa kazi ya plastiki?" Alinung'unika wiki nzima, na mimi siwezi kumlaumu, ila tangu siku ile nilikuwa upande wa baba. Nilitaka jambo moja tu: fundi baiskeli na wenzake waione ndege hiyo wanyamaze. Nililitaka kama mtu anavyotaka maji.

Tulifanya kazi uani, mchana, upande usio na upepo. Kuunga vipande hakukuchukua muda, baba alikuwa na mikono ya kutulia. Nilipoona ina mabawa na mkia nikadhani tumemaliza. Baba akaishika mbele yake, akatazama picha ya sandukuni, akatikisa kichwa.

"Hii ya kwenye picha imetoka kiwandani leo," akasema. "Haijafanya kazi. Sisi tutatengeneza iliyofanya kazi."

Na hapo ndipo kazi ilipoanza, miezi miwili na zaidi. Kwanza ribiti, vile vichwa vya misumari vinavyoshikanisha mabati ya ndege. Alikata ukanda wa bati kutoka kopo la mafuta ya kupikia, akaulaza juu ya bawa kama rula, akanipa sindano ya kushonea iliyochomekwa kwenye gunzi. Kazi yangu ilikuwa kutoboa vidoa vidogo, kimoja kimoja, mstari hadi mstari, bila kupenya upande wa pili. Nilipiga vidoa mpaka usiku nikifumba macho naviona. Kisha akakwangua masizi ya kibatari, akayachanganya na mafuta ya taa, akapaka bawa zima jeusi. Nililia, maana niliona ameharibu. Akachukua kitambaa, akafuta kwa mkono mwepesi, na weusi ukabaki tu kwenye vile vidoa na kwenye mifereji ya maungio. Bawa likawa bawa. Mpaka leo sijui niseme vipi. Plastiki ilikufa pale, pakabaki chuma.

Bomba la nyuma, pale moto unapotokea, alilitoa akalitupa. Akakata vipande vya bati kama petali za alizeti, akavitia kwenye makaa mpaka vikageuka rangi, kahawia halafu zambarau halafu buluu, akavipanga kwa duara. "Hapa panaungua kila siku," akasema, "hapawezi kuwa na rangi moja." Magurudumu aliyabonyeza chini juu ya kifuniko cha sufuria chenye moto, kidogo tu, yakalika upande wa chini. Akasema ndege ni nzito, gurudumu lake haliwezi kuwa mviringo kama chungwa. Upande wa kushoto, chini ya pale rubani anapokaa, alikwangua rangi, akaniambia rubani anapandia hapo, kiatu chake kinakwangua palepale siku zote. Tumboni ndiko alikokaa zaidi. Alipinda kijiti, akachovya kwenye mafuta ya nyonyo yaliyotiwa udongo mwekundu, akavuta michirizi kutoka kwenye vifuniko vya mitambo kwenda nyuma, mmoja mrefu, mmoja mfupi, mmoja umepinda kwa sababu ya upepo.

"Inavuja, baba?"

"Zote zinavuja. Ukiikuta kavu, muite mkubwa wako, maana mafuta yamekwisha."

Halafu vitambaa vyekundu. Alichana fulana ya mtumba, akakata vipande vyembamba kama jani la kitunguu, akavifunga kwenye pini, akazichomeka kwenye matundu. Alisema ndege ikiwa chini inazibwa sehemu zake zote, na kila kizibo kina kitambaa chekundu ili kisisahaulike. Alivihesabu kwa vidole, macho yamefumbwa, akitaja mahali pa kila kimoja. Hakukosea. Nilimwambia mama, umeona, mpishi atayajua haya wapi. Kunung'unika kwake kukaishia hapo.

Sehemu moja tu baba aliniachia mwenyewe, mle ndani anamokaa rubani, chini ya kioo. "Wewe una vidole vidogo," akasema, "fanya unavyoona." Mimi niliona nini? Sijawahi kuona ndani ya ndege. Nimeona ndani ya lori la Mzee Salumu. Kwa hiyo nikakunja waya wa redio mbovu, nikatengeneza usukani, mviringo, mzuri, na mishikio yake mitatu. Nikaweka kiti nikakivalisha kipande cha kanga, kama dereva wa lori lile alivyofanya. Na kwa kuwa sisi ni Wakatoliki nikaning'iniza rozari ndogo ya uzi mbele ya dereva. Nikamwonyesha baba. Alitazama muda mrefu kidogo.

"Sawa kabisa," akasema. Akafunika kioo.

Mnaojua ndege mnacheka. Chekeni, nawaruhusu, nyinyi hamkuwepo.

Sasa shule. Ilikuwa inakuja siku ya wazazi, na mwalimu mkuu alitangaza mistarini kuwa kutakuwa na meza ya kazi za mikono, na mgeni rasmi ni mkubwa mmoja wa mkoani ambaye zamani alikuwa afisa wa jeshi, upande wa anga. Mtu wa ndege. Huyo akigeuza tumbo la ndege ya baba akaona michirizi, atajua palepale kuwa imetengenezwa na mtu aliyelala chini yake. Wala sikwenda kuomba ruhusa nyumbani. Nilinyoosha mkono nikasema baba yangu alikuwa fundi wa ndege za vita na ametengeneza moja, na nitaileta.

Nilipomwambia baba jioni, alikuwa anapura maharage. Fimbo ikasimama hewani.

"Umeshamwambia mwalimu?"

"Nimemwambia. Na mgeni ni wa ndege, baba. Atakujua."

Akapura tena kidogo. "Ndege ni yako," akasema. "Ipeleke."

Niliona hana furaha niliyotarajia, nikadhani ndivyo watu wazima wanavyofurahi.

Siku moja kabla ya sherehe, mnajua wenyewe shule zetu zinavyokuwa mgeni akija. Kila jiwe la kwenye bustani linapakwa chokaa. Miti inapakwa chokaa mpaka kiunoni. Tunafagia hata mahali ambapo mgeni hawezi kufika akiwa na akili zake. Nilifika nimeikumbatia ndege ndani ya kanga ya mama, nikaiweka mezani. Mwalimu wa zamu akapita na fimbo yake, kijana, mgeni pale Sumbawanga, hata mwaka hajamaliza.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Hii ndiyo nini?"

"Ndege ya baba, mwalimu."

"Ndege gani imekaa kama sufuria ya kilabuni? Mafuta, masizi, hivi vitambaa vya nini?"

"Ndivyo inavyotakiwa, mwalimu. Baba amesema ndege iliyofanya kazi..."

"Baba yako huko kwenu anapika kwa kuni, sawa. Hapa tunapokea mgeni. Nenda kwenye jivu."

Wenzangu walicheka. Kumbe naye alishayasikia ya kijiweni. Nikasema tena, "Mwalimu, ukiisugua itaharibika." Akanigusa begani kwa ncha ya fimbo, hakunipiga, alinigusa tu, na mtoto wa wakati ule alielewa mguso huo. Nikaenda kwenye jivu.

Nikachuchumaa karibu na bomba la maji na wasichana waliokuwa wanasugua masufuria ya uji, na nikasugua. Jivu, mchanga, gunzi, maji. Na jambo linaloniuma ni kwamba nilisugua vizuri. Mama alinilea, sufuria yangu ya nje na ya ndani hung'aa sawa, sikujua kusugua vibaya. Michirizi ya nyonyo ilitoka. Masizi yalitoka kwenye vidoa vyangu, na vidoa vyenyewe vikalika mpaka bawa likawa laini kama sabuni. Petali za bomba zilikwanguka zile rangi zikawa bati. Nilichomoa vitambaa vyekundu vyote nikavitia mfukoni mwa sketi. Mwalimu akaja kuikagua, akaigeuza juani. "Umeona," akasema. "Sasa ni ndege." Usafi wote ule, na hakuna hata mmoja kati yetu aliyefungua kile kioo.

Kesho yake wazazi walijaa. Baba alikuja na shati la kaki lililopigwa pasi likasimama lenyewe. Fundi baiskeli alikuwepo, ana mtoto darasa la pili. Baba alipoiona ndege mezani aliitazama, akanitazama mimi, na sikuweza kumtazama. Akaenda kukaa. Mgeni akaanza kupita meza kwa meza, mtu mnene, mwenye sauti iliyozoea uwanja. Vikapu akavisifia. Mwiko akausifia. Akafika.

"Lo. Hii safi. Mmeinunua duka gani?"

"Ni kazi ya mzazi wetu, mheshimiwa," mwalimu mkuu akasema. "Zamani alikuwa fundi wa ndege za vita."

Mgeni akafurahi kweli, siwezi kumsingizia. "Fundi? Mwenzangu yuko wapi?"

Baba akasimama. Mgeni akageuza ndege tumbo juu, kama nilivyoomba kwa Mungu ageuze, na tumbo lilikuwa linang'aa kama sahani ya Pasaka. Halikumwambia kitu. Akaigeuza tena, akaingiza ukucha chini ya kioo, akakifungua. Akainama. Alipoinuka alikuwa anacheka kwa mabega.

"Fundi, huu ni usukani wa lori. Na rozari. Umeuweka wewe?"

Nilitaka kusema ni mimi. Naapa nilitaka. Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake.

"Ni mimi, afande," baba akasema.

"Ulikuwa kikosi gani?"

Baba akafungua mdomo, na kabla hajajibu fundi baiskeli akasema kutoka nyuma, kwa heshima zote, "Cha jikoni, mheshimiwa."

Watu walicheka mpaka benchi moja likaanguka. Mgeni akacheka. Mwalimu wa zamu akacheka, na huyo ndiye niliyemchukia zaidi. Baba hakuketi. Alibaki wima, mikono pembeni kama jeshini, mpaka kicheko kikaisha chenyewe na watu wakaanza kuona haya kidogo, ndipo akakaa.

Tulirudi ndege iko kwapani mwake. Nililia njia nzima. Nikamwambia ni mwalimu, amenilazimisha. Nikamwambia usukani ni wangu, kwa nini umesema ni wako. Akasema, "Inang'aa. Mama yako ataipenda." Akaiweka juu ya kabati na hakuigusa tena. Mimi shuleni nilikwenda wiki mbili tatu, kisha nikaacha. Walinitafuta, wakachoka. Baba hakunilazimisha, na watu walimlaumu kwa hilo pia.

Miaka yote iliyofuata niliishi na hesabu moja kichwani. Kama ndege isingesuguliwa, mgeni angeona mafuta tumboni, angemjua baba, asingefungua kioo. Nilimlaani yule mwalimu nikitwanga, nikipalilia, nikinyonyesha. Nilijilaani na mimi kwa ule usukani. Nilipokuwa mtu mzima mwenye mdomo wangu, fundi baiskeli alipomwita baba afande wa jikoni mbele yangu, nilimmwagia ndoo ya maji ya samaki, na sijutii hadi leo.

Baba alikufa mzee, kitandani kwake. Siku ya tatu ya msiba akashuka kwenye lori mzee mmoja kutoka Mwazye, mkongojo mkononi, akajitambulisha kwa jina la Kizito, akasema alikuwa na Desi vitani. Nilimkaribisha kama mfalme. Nikamtengea kiti mahali ambapo waombolezaji wote watasikia, maana nilijua saa yetu imefika.

"Baba," nikamwambia kwa sauti, "tuelezee marehemu alikuwa nani huko."

"Desi?" akasema. "Ndiye aliyekuwa mpishi wetu."

Nikamsahihisha. "Baba alikuwa fundi wa ndege."

"Fundi nilikuwa mimi, mama. Na wenzangu sita. Yeye alikuwa anatuletea chai." Hakuona anachokifanya, mzee wa watu, alikuwa anakumbuka kwa raha. "Alikuwa anatembea na birika kutoka jikoni mpaka uwanjani, mbali, mbali sana, amelifunga blanketi. Sisi tunakunywa, yeye anakaa chini ya bawa anatazama. Wengine wote wakileta chai wanaondoka. Desi anakaa. Anauliza hii ni nini, hii inavuja kwa nini. Vile vitambaa vyekundu vilikuwa vinaingia grisi, akaviomba avifue. Akawa anavifua yeye vita vizima, anavirudisha vimekunjwa, anajua kila kimoja kinakwenda wapi. Ila ngazi hatukumruhusu kupanda. Amri. Mle ndani hakuwahi kuona, na alikuwa anatamani, maskini."

Niliondoka pale nikaenda kusimama nyuma ya nyumba. Niliipitia ile ndege kichwani, kitu kimoja kimoja. Magurudumu, mafuta, kiatu cha rubani kinachokwangua, moto wa nyuma. Vyote ni vya mtu aliyekaa chini akatazama juu. Na mle ndani aliniachia mtoto, nikaweka usukani wa lori, akatazama, akasema sawa kabisa. Hakujua. Alinitegemea mimi.

Hasira yangu haikupungua, msidhani. Ilikosa mahali pa kukaa, kisha ikapata. Nilirudi pale mbele ya watu nikauliza mji mzima: tangu lini kupikia watu walio vitani ni tusi? Nani kati yenu alitembea na birika lililofungwa blanketi ili fundi anywe chai ya moto? Mnaona haya na mtu aliyewalisha askari, na hamuoni haya na benchi mlilovunja kwa kucheka. Fundi baiskeli alikuwepo, mzee naye sasa, akainamisha kofia. Mzee Kizito akaniuliza polepole kama amesema neno baya. Nikamwambia hapana, baba, wewe ndiye uliyesema zuri.

Lakini hayo ni ya watu. Yangu mwenyewe niliyajua baadaye zaidi, siku moja mjukuu wangu aliponiuliza kama ni kweli niliacha shule darasa la sita. Hakuuliza vibaya. Aliuliza tu, lakini macho yake yalikuwa yanaomba niseme hapana, na mdomo wangu ukasema hapana, niliishia la saba. Uongo ulitoka laini, hata haukuniuma kooni. Ndipo nikaikumbuka ile njia kati ya matuta, na swali langu, na namna nilivyoliuliza. Baba alivumilia kijiwe miaka yote bila kuwajibu neno, alipita akawasalimu. Si wao waliomfanya adanganye. Kilichomshinda ni sauti yangu mimi, ya miaka kumi na miwili, iliyosema mpishi kama mtu anayetaja ugonjwa.